MTOTO ANAYEUGUA AKILI SI MLOZI

 

Somo letu linatoka katika Marko 9, mstari wa 14 mpaka 29. Mulisome tena nyumbani pole pole, maana siku ya Mungu wakati unakuwa mfupi. Baba mmoja alileta kijana wake mbele ya wanafunzi wa Yesu. Kijana alikuwa anaanguka chini, anatoa povu, anasaga meno, mara ingine anaanguka katika moto au ndani ya maji. Wanafunzi walishindwa. Waandishi wakaanza kubishana nao, kundi la watu likakusanyika kutazama. Hata leo inakuwa vile: mtoto amelala chini, na watu wakubwa wanabishana juu yake.

Yesu alipofika hakuuliza ni nani aliyemloga. Tafuteni neno hilo katika sura nzima, hamutaliona. Alimgeukia baba, akamuuliza ugonjwa ulianza wakati gani. Baba akaeleza yote, tangu utoto. Kisha akaomba msaada, na katika kuomba kwake hakusema mtoto tu, alijiweka na yeye mwenyewe ndani. Alijua kwamba mtoto akiugua hivi, nyumba yote inaugua. Sasa, wapendwa, muende siku moja na mtoto wa kifafa kwenye kituo cha afya. Infirmie atauliza nini kwanza? Ilianza lini? Anaanguka mara ngapi kwa mwezi? Anauma ulimi, anajikojolea? Nani alikuwa karibu, aliona nini? Ni swali lile lile la Bwana.

Tunaandika haya kwa sababu ya yale tunayoyaona. Sisi mashemasi ndio tunafungua mlango wa hekalu asubuhi mapema, na mara nyingi tunakuta mama ameketi pale na mtoto kabla ya jua kutoka. Mmoja haongei tangu walipokimbia. Mwingine ana miaka 11, alikuwa ameacha kukojoa kitandani, sasa amerudia. Kijana aliyekuwa anaimba vizuri katika kwaya anajifungia chumbani, haogi, anajibu sauti ambazo sisi wengine hatuzisikii. Msichana aliyezaa hana hata nguvu ya kumnyonyesha mtoto wake. Tangu mwezi wa kwanza 2025 vita vilipoingia Goma, na mwezi wa pili Bukavu, tunawaona wengi zaidi mbele ya mlango huo. Lakini musifikiri ni mambo ya vita peke yake au ya Kivu peke yake. Shirika la Afya la Dunia, OMS, linasema kwamba kati ya vijana 7 wa miaka 10 mpaka 19, mmoja ana ugonjwa wa akili au wa moyo. Na karibu nusu ya magonjwa haya huanza kabla mtu hajafika miaka 18.

Basi mtoto anapoanza kubadilika, ni neno gani linatoka kwanza katika nyumba? Munalijua. Ulozi.

Tuchunguze vizuri ni mtoto gani anayetajwa. Si mtoto wa mwenye duka. Ni yatima aliyepokelewa kwa mjomba. Ni mtoto wa bibi wa kwanza, anayelala jikoni. Ni mwenye kifafa, mwenye kigugumizi, anayetembea usiku akiwa katika usingizi, mkaidi, mwenye kula sana. Mjomba amepoteza kazi, mtoto mchanga amekufa, franka haionekani, na sasa inafaa apatikane mtu wa kubeba lawama. Anatafutwa yule asiye na wa kumtetea.

Tulimpokea msichana mmoja wa miaka 12. Mama yake alikwisha kufa, akakaa kwa shangazi. Alikuwa anaanguka mbele ya watu, kwenye masomo na hata kwenye bomba la maji. Chumba kimoja cha sala katika kartie kilimfungisha siku 3 bila chakula wala maji, wakamdai aseme amekula nani. Akasema. Mtoto mwenye njaa na hofu atasema lolote munalotaka. Alipofika kwetu alikuwa na kovu la moto mkononi, na shangazi aliogopa kumgusa wakati anapoanguka, kwa kufikiri povu linaambukiza. Povu la kifafa haliambukizi mtu. Tulimwombea, tukamwekea mikono, na kesho yake shemasi mama mmoja akaenda naye na shangazi kwenye kituo cha afya. Alipewa fenobarbitali, vidonge vya bei ndogo. Kuanguka kulipungua, halafu kukakoma. Shangazi ndiye aliyebadilika zaidi kuliko mtoto. Alipojua jina la ugonjwa, hofu ilimtoka.

Tunajua neno linalofuata litachoma wengine. Kanisa letu ni Kanisa la kinabii. Tunaamini Roho Mtakatifu anasema na watumishi wake hata leo, na hatuzimi moto huo. Lakini Paulo anaagiza, katika 1 Wakorintho 14, manabii wakisema wengine wapime. Yoane naye anaagiza roho zipimwe. Basi nabii au mama wa maono akiona kitu juu ya mtoto, asimtaje mbele ya watu. Alete neno lake kwa wazee faraghani. Neno likisema mtoto ni mlozi, wazee waliweke chini, wamtafutie mtoto munganga na wamtembelee mzazi. Mwaka 1921, Simon Kimbangu alipoanza kazi ya Mungu kule Nkamba, watu walitupa hirizi zao. Hatukutupa hirizi ili leo tutupe watoto njiani.

Na wale wanaosema kwamba dawa ni upungufu wa imani, wasome 2 Wafalme 20. Mfalme Hezekia alikuwa karibu kufa. Isaya, nabii mkubwa, alikuwa tayari ameleta ahadi ya Mungu kwamba mfalme atapona. Halafu huyo huyo Isaya akaagiza mkate wa tini, uwekwe juu ya jipu. Mwenye neno la Mungu kinywani hakuona haya kutumia dawa. Sisi ni nani?

Sheria ya inchi nayo haikunyamaza. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto ulozi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto, kifungu cha 160, inatoa kifungo cha mwaka 1 mpaka 3 pamoja na malipo ya faini. Haisemi kwamba mwenye kuvaa nguo nyeupe anasamehewa.

Sasa mambo ya nyumbani, ambayo munatuuliza kila siku.

Mtoto wa kifafa hakatishwi vidonge kwa ghafula, hata kama amekaa miezi mingi bila kuanguka, hata kama ameota ndoto nzuri. Akiachishwa siku moja tu, anaweza kuanguka mfululizo bila kuamka, na huko kunaua. Munganga peke yake ndiye anayepunguza, pole pole. Wiki ya kufunga ikifika, mtoto huyo hafungi. Maji ya baraka hatuyakatazi: kidonge kinamezwa na maji, basi akimeze na maji hayo. Dawa mara ingine inakosekana katika kituo, kwa hiyo muende kutafuta ingine zikibaki za siku 10, musingoje sanduku liwe tupu.

Mtoto mwenye homa anayeanza kusema ovyo au kutetemeka mwili wote, huyo asiletwe kwetu kwanza. Malaria ikiingia kichwani inaweza kumuua katika siku moja au mbili. Hospitali kwanza, usiku ule ule. Tupigieni simu, tutaomba njiani pamoja nanyi.

Kijana aliyechafuka akili hafungwi kamba wala mnyororo katika chumba cha sala. Muondoe visu na makelele, abaki na mtu mmoja au wawili anaowaamini, museme naye kwa sauti ya chini. Na kijana anayesema afadhali afe, musimkemee kwamba ni dhambi na kumwacha pale. Mumuulize wazi kama anafikiri kujiua. Swali hilo halimtii wazo ambalo hakuwa nalo, linamfungulia mlango wa kusema. Asibaki peke yake, na dawa za wadudu wa shamba zifichwe.

Watu wanatuambia: munganga wa akili yuko wapi, na nauli iko wapi? Ni kweli, ni wachache sana katika inchi yetu. Bukavu kuna SOSAME ya Mabruda wa Mapendo, inayotunza wagonjwa wa akili tangu 1994. Kuna hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na munganga Denis Mukwege mwaka 1999 chini ya Kanisa la Kipentekoste, ambako waliotendewa jeuri wanatibiwa mwili na wanasikilizwa moyo pamoja. Lakini si kila mtoto anahitaji kufika mbali hivyo. Kituo cha afya cha karibu ndicho mlango, na wale reko wanaopita nyumba kwa nyumba kwa mambo ya chanjo wanaweza kuwaonyesha njia. Wengi wao ni waamini wetu. Mtoto aliyeona vita, mara nyingi anachohitaji kwanza ni kulala kwa saa zile zile, kula pamoja na wengine, kurudi kwenye masomo, kucheza, na mtu mkubwa asiyechoka kumsikiliza. Akiendelea kuota vibaya na kukataa watu kwa wiki nyingi, apelekwe.

Musisahau ndugu zake. Katika nyumba yenye mtoto mgonjwa, wale wazima wanakua kama majani nyuma ya nyumba, hakuna anayewaangalia. Na wababa, tuseme kweli: wengi wanaondoka, wanamwachia mama. Yesu alipoingia kwa Yairo (Marko 5) alitoa nje wote waliokuwa wanapiga kelele, akabaki na baba na mama wote wawili. Mtoto alipoinuka, akaagiza apewe chakula. Baba alikuwapo pale.

Wazazi wenye watoto wa namna hii wanakutana alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, saa tisa alasiri, nyuma ya hekalu. Sadaka haitolewi pale, na hakuna unabii. Infirmie mmoja, mwamini wetu, anakuwapo. Muje na fishi ya hospitali, sanduku la dawa hata likiwa tupu, na karatasi ambayo mumeandika siku mtoto alizoanguka au alizokataa kula. Asiyejua kuandika apige mistari ya makaa, tutaihesabu pamoja. Nauli ya kwenda hospitali inatoka katika kisanduku cha mashemasi, na mwenye mtoto asiyeweza kutembea atume mtu kutuita, tutafika kwake. Amina.