Wakfu wa Chuma

Shangazi yangu, aliyehamia Muscat mimi nikiwa mtoto, ana pesa za kujenga lakini hana ardhi. Ataka kuacha jengo Mombasa ambalo kodi yake itasomesha watoto wa madrasa, awe yupo au hayupo. Jamaa zetu wana kiwanja Majengo. Kukiuza hawataki, kukikodisha kwa miaka 45 wako radhi. Kwa kuwa nilikuwa mkadiriaji majenzi hadi nilipostaafu, kazi ya kuuliza bei ikawa yangu. Injinia kijana akatuletea mchoro wa ghorofa tano za fremu ya chuma: nguzo na boriti zakatwa na kutobolewa karakanani, zaletwa kwa lori, zafungwa kwa boliti. Muda wa kukodi ukiisha, akasema, mwafungua mwahama nalo.

Shangazi aliposikia hilo la mwisho alinyamaza kwenye simu, kisha akauliza: "Mwanangu, kitu cha kufunguliwa kwa spana chawa wakfu?"

Si swali la kupuuzwa. Wakfu twaujua kutokana na kisa cha Sayyidna Umar na ardhi yake ya Khaybar: Mtume (s.a.w.) alimshauri aizuie asili na kuyatoa matunda, ardhi isiuzwe tena, isirithiwe, isipewe mtu zawadi. Ardhi yakaa. Nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, yenye ukuta mnene kiasi cha mtu kuketi dirishani, nayo yaonekana yakaa, na ndiyo maana nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Unguja ni za wakfu. Lakini hili la injinia? Kila kipande kina namba iliyopigwa kwa rangi, C7 huku, B12 kule, ili mafundi wasije wakapachika boriti ya ghorofa ya pili kwenye ya nne. Asili yake ni ipi: vile vyuma, namna vilivyofungwa, au mahali penyewe?

Nililipeleka swali kwa maalim aliyenisomesha. Hakushtuka hata kidogo. Alivuta *Minhaj* ya Imamu an-Nawawi, kitabu ambacho wanafunzi wa fikihi wa pwani yetu wamekisoma kizazi baada ya kizazi, akafungua mlango wa wakfu. Imamu, aliyefariki mwaka 1277, alishaisema: kuweka wakfu jengo au miti iliyo katika ardhi ya kukodi, kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa yajuzu. Na wafafanuzi wake wakaenda mbele: jengo hilo likiondolewa na bado lafaa kutumika, ni wakfu kama lilivyokuwa. Dameski ya karne ya 13 haikuwa na boliti za fremu, ila wenye ardhi walikuwapo, na mikataba ilikuwa na mwisho.

Mtu wa Mombasa hana haki ya kulishangaa hilo. Sisi ndio watu wa nyumba bila ardhi. Majengo na Kisauni, mtu amiliki kuta, paa na milango, alipe kodi ya kiwanja kila mwezi, na nyumba hiyo aiuze, airithishe, aiozeshee binti. Wanafunzi wa Imamu Abu Hanifa wangetubana zaidi, kwani asili ya madhehebu yao ni kuwa wakfu huwa wa mali isiyohamishika, isipokuwa zile zinazohamishika ambazo desturi imezikubali. Sisi ni Mashafii, mlango uko wazi.

Kilichonifikirisha zaidi ni mas'ala mengine, kurasa chache mbele. Msikiti ukibomoka na ikashindikana kuujenga tena, hauuzwi kwa hali yoyote. Lakini mikeka yake ikichakaa, na boriti zake zikivunjika zikawa hazifai ila kuni, hizo zaweza kuuzwa. Nani asiyezijua boriti hizo? Vyumba vya nyumba zetu za kale ni vyembamba, takriban mita tatu, kwa sababu mti wa mkoko hauvuki zaidi ya hapo bila kulegea. Mchwa wakila, boriti hutolewa ikaingizwa nyingine. Chokaa hukwanguliwa, hupakwa upya. Nyumba ya miaka 200 tunayoiita ya kudumu imeshabadilishwa viungo hata mwenyewe angefufuka asingejua kipi ni chake, na sijasikia kadhi aliyesema wakfu umevunjika. Kwa hiyo kubadilika vipande si hoja dhidi ya chuma, maana matumbawe nayo yamebadilika, ila polepole, bila namba za rangi.

Wala wepesi wa kujenga si hoja. Juni 2021, mjini Changsha, China, kampuni ya Broad Group ilisimamisha jengo la makazi la ghorofa kumi kwa saa 28 na dakika 45, vipande vyake vikiwa vimetengenezwa kiwandani. Wapo waliotazama video ile wakaona ni mchezo wa watoto. Mimi niliona kazi iliyofanyika kabla ya saa ya kwanza kuhesabiwa, na sidhani thawabu hupimwa kwa muda ambao saruji yachukua kukauka.

Hapa yafaa niseme kitu cha kiwandani, maana injinia wetu alirahisisha mambo. Fremu kweli hufunguliwa. Boliti ya milimita 20 hukaa katika tundu la milimita 22. Nafasi hiyo ndogo ndiyo inayomwezesha fundi kuipachika akiwa juu, na ndiyo itakayomwezesha kuitoa. Lakini sakafu za majengo haya mara nyingi humwagwa zege juu ya bati la mikunjo, na bati hilo hushikwa kwenye boriti kwa vijiti vya chuma vilivyochomelewa. Hiyo haifunguliwi, huvunjwa kwa nyundo. Ukitaka kuhama kweli, uagize tangu mwanzo sakafu za vibao vya zege vilivyofinyangwa kiwandani na kulazwa vikavu. Na msingi, wallahi, hauhami. Nilipomwambia injinia hivyo alicheka, akakubali kuchora mchoro upya.

Maalim naye alikuwa na hofu yake, na haikuwa ya vitabu. "Fikihi imeruhusu," akasema, "lakini nawaogopa watu." Alikuwa na haki. Nchi hii, Januari 2022, serikali ilisimamisha biashara yote ya chuma chakavu kwa sababu minara ya umeme ilikuwa ikikatwa na kuuzwa kwa kilo. Ukuta wa matumbawe ukiubomoa wapata kifusi. Fremu ukiifungua wapata pesa taslimu, tena siku hiyo hiyo. Jiwe lilikuwa likiulinda wakfu kwa kutokuwa na thamani likiwa vipande. Lilifanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa na dhamiri ya msimamizi.

Hoja hiyo ilinilaza macho. Hata hivyo, jiwe lililinda nusu tu. Naujua wakfu mmoja, sitautaja, nyumba ya mawe imara kabisa, wala ufa haukuonekana. Msimamizi alikula kodi yake miaka mingi, watoto waliokusudiwa wakakua bila kusomeshwa. Asili ilizuiwa barabara, matunda yakaenda tumboni mwa mtu mmoja. Ukuta uliokaa namna hiyo umedumisha nini?

Ndipo nikafika ninapoamini sasa: udumifu wa wakfu haujapata kuwa ndani ya ukuta. Uko katika watu wanaopokezana amana, na chuma kwa kuwa kinadai sana ni mwalimu mkali wa jambo hilo. Hewa ya chumvi ya Mombasa haisamehi. Chuma kisipotumbukizwa katika zinki iliyoyeyushwa kwa nyuzi kama 450, kisha kikapakwa rangi na kukaguliwa, hutafunwa kuanzia kwenye viungo. Moto nao ukifikisha nyuzi mia sita hivi hukiacha na karibu nusu ya nguvu yake, kwa hiyo lazima kifunikwe kwa vibao vya kuzuia moto au rangi maalumu, na mpangaji asiving'oe ili kutundika televisheni. Jengo hili halimruhusu msimamizi kulala. Na mafakihi walishapanga: katika mapato ya wakfu, matengenezo hutangulia kabla ya mwenye kufaidika kupewa hata senti.

Jengo la chuma lafaa kuwa wakfu, na hukumu yangu haina "lakini" ya kifikihi. Ina sharti la kiutu. Ewe mwenye nia kama hii, andika hati kabla ya kuagiza chuma. Ndani yake orodhesha kila nguzo na kila boriti kwa namba yake, taja fungu la kodi la rangi na ukaguzi, na useme vipande vyaenda wapi ardhi ikirudi kwa wenyewe. Nakala moja iwe kwa kadhi, moja kwa Tume ya Wakfu, na moja kwa wazazi wa wale watoto, ili wajue cha kudai.