Huruma ya Risasi Laini

Mwaka 1899, mapatano ya Hague yalikataza vitani risasi zitanukazo mwilini mwa mtu, kwa kuwa ni ukatili. Majimbo mengi ya Marekani humlazimisha mwinda kulungu kutumia risasi za namna hiyo, kwa ajili ya huruma. Mimi sioni kinyume. Askari hutakiwa aondoke vitani, akapone; kulungu hutakiwa afe, na upesi. Risasi ngumu hutoboa tundu jembamba, naye akakimbia kufia kichakani kwa mateso. Basi mwenye bunduki kuukuu ya jeshi, Springfield ya 1873, asubupo risasi zake, na achanganye bati kidogo tu. Lakini risasi laini ikisukumwa kwa kasi mno huchunika na kuchafua mtutu; haina budi kwenda polepole, na mwindaji kusogea karibu. Asipoweza kunyemelea, aishushe bunduki, arudi nyumbani mikono mitupu.