Mnyama wa Runinga Hali Mahindi

Kuna swali ambalo sisi watu wa mjini hatupendi kuulizwa: ni mnyama gani unayempenda ambaye amewahi kukugharimu kitu? Si paka wako. Paka ulimleta nyumbani mwenyewe. Nazungumzia mnyama asiyekujua, asiye na habari na wewe, ambaye uhai wake umekutoa pesa mfukoni au umekunyima usingizi. Wengi wetu tukisema ukweli, jibu ni hakuna. Na bado tuna maoni. Jameni, tuna maoni!

Machi 2023, BBC ilianza kuonyesha Wild Isles, mfululizo wa sehemu tano kuhusu wanyamapori wa Uingereza na visiwa vya jirani. Msimulizi alikuwa David Attenborough, wakati huo akiwa na miaka 96. Baada ya miaka mingi ya kuwaonyesha watu wake simba na ndovu wa kwetu, safari hii kamera ziligeuzwa nyumbani: nyangumi wauaji wakiwinda sili huko Shetland, tai wa baharini wakifukuza mabata bukini, nyuki, vipepeo, misitu ya kale. Kulikuwa pia na filamu ya sita, iliyogharamiwa na mashirika ya uhifadhi ya RSPB na WWF, iliyoeleza kilichoharibika na jinsi ya kukirekebisha. Hiyo iliwekwa kwenye iPlayer peke yake, haikupita kwenye runinga. Watu walizozana: wengine wakasema BBC imeogopa wanasiasa, BBC ikajibu kwamba filamu hiyo haikuwahi kupangwa kwa ajili ya runinga. Mimi sina kesi na upande wowote. Nimeona tu kwamba uzuri uliletwa sebuleni, na bili ikaachwa mahali ambapo anayeitaka aifuate mwenyewe.

Niliutazama mfululizo huo Siongiroi, kwa mjomba wangu, binamu akiwa ameuleta kwenye flashi. Siongiroi iko Chepalungu, kaunti ya Bomet, upande wa chini ambako majani chai yanapungua na mahindi na ng'ombe wa maziwa wanachukua nafasi. Watazamaji walikuwa wanne, na maoni yao yalinifundisha zaidi ya picha zenyewe.

Kogo ndiye aliyeanza. Alitazama bonde zuri la kijani, mbweha akipita, akauliza, "Weri, na wenye shamba wako wapi?"

Nikamwambia wapo, ila kamera haiwaonyeshi.

"Basi huyo mbweha anakula kuku wa nani?"

Mjomba yeye alingoja mpaka sehemu ya pili iishe. "Na simba wao?"

"Hawana, Mjomba. Walikuwa na dubu, mbwa mwitu na paka mkubwa wa msituni aitwaye linksi. Wakawamaliza karne nyingi zilizopita."

Alicheka, lakini si kicheko cha furaha. "Kwa hivyo wao walimaliza wao, wakapumzika, sasa wanakuja kutuhesabia wetu."

Ningeweza kuishia hapo, makala ikawa rahisi na nyote mkapiga makofi. Lakini Mjomba hakuwa anatania. Fisi alikuwa amemla kondoo wake wa pili ndani ya mwezi mmoja, na stooni, nyuma ya magunia, palikuwa na kopo la dawa ya wadudu ambayo haikununuliwa kwa ajili ya wadudu. Alinionyesha mwenyewe. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Wewe uliyesoma, niambie kwa nini nisiitumie."

Hilo ndilo swali langu hapa. Kwa nini asiitumie?

Jibu la kwanza linalokuja mdomoni ni la runinga: kwa sababu wanyama ni wazuri. Jaribu kumwambia hivyo mtu aliyepoteza kondoo wawili. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Uzuri wa fisi unaonekana vizuri zaidi kutoka kwenye kochi.

Tukumbuke yaliyotokea Maasai Mara, si mbali na kwa Mjomba. Kundi la simba la Marsh lilipata umaarufu duniani kupitia Big Cat Diary, kipindi cha BBC kilichoanza mwaka 1996. Desemba 2015, simba kadhaa wa kundi hilo walilishwa sumu. Mmoja aliyekufa ni simba jike aitwaye Bibi, mwenye miaka 17. Wachungaji walikamatwa, ilisemekana walitia sumu kwenye mzoga baada ya simba kuwaulia ng'ombe. Bibi akaliliwa Ulaya na Marekani, na watu ambao hawajawahi kukanyaga Narok. Siwacheki. Walimjua miaka mingi, machozi yao yalikuwa ya kweli. Ila ng'ombe aliyeliwa hakutajwa kwa jina. Kwetu ng'ombe ana jina, ana mama yake anayejulikana, na maziwa yake ndiyo karo ya mtoto fulani. Kamera ilimpa jina mmoja, mwingine ikamwita mifugo.

Kwa hivyo jibu la uzuri halitoshi. Lakini jibu la Mjomba nalo, kwamba wao walimaliza wao, linafika wapi? Ni kweli Waingereza walifanya hivyo, na baadaye wakaja hapa, wakachukua vilima vya Kericho wakapanda chai, na mwaka 1934 wakatunga sheria ya kuwahamisha Talai, ukoo mzima, hadi Gwassi. Hasira ya kihistoria tunayo na ni halali. Lakini dhambi ya jirani haijawahi kuwa leseni. Mwizi akikuambia usiibe, ni mnafiki, sawa, ila wizi haujageuka kuwa halali kwa sababu yeye ndiye aliyesema. Na msitu wa Chepalungu, ambao kogo anaukumbuka ukiwa mzito, haukukatwa wote na mzungu. Tulikuwa na mapanga na sisi.

Cha ajabu ni kwamba Mjomba ana ndugu huko Uskoti ambao hajawahi kuwaona. Wale tai wa baharini waliopendeza kwenye Wild Isles walikuwa wametokomezwa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Kuanzia mwaka 1975 wakaletwa wengine kutoka Norwei na kuachiliwa katika kisiwa cha Rum. Wakazaana. Leo kuna wafugaji wa Uskoti wanaolalamika kwamba tai wanabeba wana-kondoo wao, na serikali imelazimika kuweka mpango wa kuwasaidia. Mfugaji huyo na Mjomba wakikalishwa kwenye benchi moja, wakapewa mkalimani na birika la chai, wataelewana kabla birika halijapoa. Mgawanyiko mkubwa si kati ya mzungu na mwafrika. Ni kati ya anayetazama na anayelipa.

Na hapo, msomaji wangu wa Rongai, wa Kinondoni, wa Kampala, wewe na mimi tumeketi upande gani? Ndovu akipigwa risasi Trans Mara kwa kuingia shambani, tunaweka emoji za machozi na kuuliza hawa watu wana roho gani. Sisi ndio London ya Siongiroi.

Sisemi mtazamaji anyamaze. Kama ni wenye hasara tu wanaoruhusiwa kusema, basi mnyama hana wakili hata mmoja, na mnyama naye ana lake. Fisi hakuchagua kuzaliwa karibu na zizi. Ana njaa, ana watoto, na alikuwa na njia zake kabla ya seng'enge. Tena sumu haimchagui fisi. Inamuua fisi, kisha tumbusi anayekuja kula mzoga, kisha mbwa wa jirani. Hiyo ndiyo sababu niliyompa Mjomba, na ndiyo pekee aliyoisikiliza: unayemlenga ni mmoja, unaowaua huwajui.

Ninachosema ni kwamba maoni kuhusu mnyama hayajawa maadili mpaka yajibu swali la Kogo: anakula kuku wa nani? Kenya tayari tumekiri jambo hilo kwenye karatasi. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama, na inatambua pia mifugo na mazao. Yaani taifa limesema mnyama ni wetu sote, basi hasara yake pia ni yetu sote. Lakini fidia kuchelewa miaka ni jambo la kawaida, na kila mwaka unaopita unamrudisha mkulima kwenye stoo, nyuma ya magunia.

Tena hakuna anayetazama kutoka mbali kama anavyodhani. Mto Mara huanzia Mau. Vijito vyake viwili vikubwa, Nyangores na Amala, hupita Bomet kabla ya kuungana na kwenda kunywesha nyumbu wanaorekodiwa na dunia nzima. Mvua za milima hiyohiyo ndizo zinazokuza chai. Mtu anayemtazama nyumbu London huku ameshika kikombe, huenda chai yake na maji ya nyumbu yule vimetoka mlima mmoja.

Upendo wenye akili nimeuona kwa Richard Turere wa Kitengela. Akiwa mtoto wa miaka 11, mchungaji wa ng'ombe wa baba yake kando ya mbuga ya Nairobi, aliunganisha taa za kuwakawaka zinazomfanya simba adhani kuna mtu anatembea bomani. Alikiri kwamba alikuwa akiwachukia simba. Hakuanza kwa kuwapenda. Alianza kwa kutaka ng'ombe wake wafike asubuhi, na simba wakafika pia.

Binamu na mimi tulichanga, Mjomba akanunua taa nne za sola na waya mpya wa zizi. Kopo bado liko stooni. Mjomba anasema litakaa hapo mpaka aone kama mchango wetu ulikuwa wa mara moja.