Kidogo Kisichoonekana



Wengi wetu twapanda magari ya dizeli bila kufikiri jinsi mafuta yanavyoingia katika injini. Pampu huyasukuma kwa nguvu nyingi mpaka kwenye nozeli, nazo nozeli huyanyunyiza ndani ya silinda kama ukungu. Matundu ya nozeli ni madogo mno. Katika injini nyingi za siku hizi upana wa tundu moja haufiki robo ya milimita. Tena pampu nyingi hulainishwa na dizeli ile ile inayopita ndani yake.

Kwa hiyo mwenye gari hufundishwa kubadilisha filta kwa wakati wake, kumwaga maji yaliyojikusanya chini ya filta, na kufuta vumbi kabla ya kufungua bomba lo lote la mafuta. Akifanya hivyo, mchanga huzuiwa na maji hutengwa. Lakini mafuta ya taa yakitiwa katika dizeli, hakuna filta iwezayo kuyatenga, kwa maana huchanganyika nayo kabisa. Hayana ulaini wa dizeli, na pampu huanza kulika polepole. Siku ya kwanza hakuna dalili. Baadaye gari hukosa nguvu mlimani, huwaka kwa shida asubuhi, na dereva huambiwa bei ya pampu asiyoweza kuilipa.

Hapa twapata swali. Je, mtu aliyechanganya lita chache tu, asimwone ye yote akiumia, ametenda dhambi? Wengine husema, "Ni kidogo, nayo biashara ni ngumu." Kijana wa kituoni husema, "Tajiri ameniamuru. Nikikataa, watoto watalala njaa." Maneno ya kijana huyu tusiyadharau. Mzigo wake ni mzito, na yule aliyemtwika atadaiwa zaidi. Hata hivyo amri ya tajiri haiigeuzi mafuta ya taa kuwa dizeli.

Tena hasara haikomi kwa mwenye gari. Nchini Tanzania, mwaka 2010, EWURA ilianza kusimamia utiaji wa alama katika mafuta ili uchanganyaji ugunduliwe. Mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa, faida ya kuchanganya ipungue. Wachanganyaji walibanwa, ni kweli. Lakini mjane wa kijijini, aliyenunua chupa moja kwa ajili ya kibatari chake, naye alilipa ushuru ule. Hakuwa na gari, wala hakuwahi kuchanganya cho chote.

Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, alisimulia habari za mtu aliyeonekana kando ya njia. Jirani wa mwuza mafuta haonekani: yu mbali, miezi mingi mbele, pengine gizani na mgonjwa ndani ya gari lililozimika. Kutokuonekana kwake hakumfanyi asiwe jirani.

Nasi tununuao tujichunguze. Tukutanapo na dizeli ya madumu, rahisi kuliko ya kituoni, na tusiulize imetoka wapi, twamlipa mchanganyaji mshahara wake. Basi tuulize. Na aliye na kituo amwondolee kijana wake amri ile, leo, kabla hajafungua pampu.