Jina la mama halimo

Mama mmoja wa Chicago, ambaye wazee wake walitoka Mississippi, alitafuta asili yake miaka kumi na mmoja katika karatasi za sensa ya Marekani. Kwa uzao wa watumwa, njia hiyo hugonga ukuta. Sensa za 1850 na 1860 ziliwaorodhesha watumwa chini ya jina la bwana wao kwa umri, jinsia na rangi, na majina yao karibu kote hayamo. Ni 1870 ndipo makarani walipowaandika kwa majina, nyumba kwa nyumba.

Siku alipomwona baba wa babu yake katika ukurasa wa 1870, mtoto wa miaka tisa, alilia. Juu ya mtoto wameandikwa mwanamume wa miaka 33 na mwanamke wa miaka 30, jina la ukoo moja. Akaandika: baba, mama, mwana. Nani asingeandika hivyo? Lakini fomu ya 1870 haikuuliza mtu ana uhusiano gani na mkuu wa kaya. Swali hilo liliingia 1880, na sensa hiyo aliiruka, kwa kuwa karani alikosea herufi za jina na yeye hakupata subira ya kupekua. Akashika nasaba ya yule mwanamke, akaifuata miaka yote hiyo.

Kosa hili nalihurumia, kwa sababu huanza na mapenzi. Ila wazee walikuwa hai, na hakuwauliza.

Kwenye mkutano wa ukoo aligawa fulana zenye majina ya nasaba hiyo. Shangazi yake, bibi wa miaka tisini na zaidi, akaisoma yake polepole.

“Mwanangu, huyu si mama wa babu yangu. Huyu ni mke wa kaka yake. Mama yao alipelekwa Texas wakati wa vita, bwana alipokimbia na watumwa wake wasije wakakombolewa na jeshi la Kaskazini. Babu alinisimulia mwenyewe.”

Akarudi kwenye sensa ya 1880, akapekua kaunti nzima ukurasa kwa ukurasa. Kijana yumo, miaka 19, na mbele ya jina lake pameandikwa: ndugu.

Akaenda mbio kwa shangazi. “Huyo mama aliitwa nani?”

“Babu alikuwa akilitaja kila Krismasi,” bibi akasema, akafumba macho. “Miaka michache nyuma ningekuambia.”