Kuhifadhi

Picha ilianza kwa juu: mstari wa ukuta, mwingine, kisha paji la uso la mtoto. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, Darajani, Unguja, kwenye duka la intaneti tulilolipia kwa nusu saa. Dada yangu alijifungua Maskati akaniandikia niende nikamtazame mpwa wangu. Modemu ya 56K, hata ikiamka vizuri, hupitisha kilobaiti 5 hivi kwa sekunde. Picha ya kilobaiti 200 hutaka sekunde 40. Nasi tulikuwa wengi tukigawana laini moja. Zikateremka nyusi, nene, zimekaribia kugusana. Hapo ikakwama. Nikabaki na nyusi zile, sina pa kwenda, mpaka nusu saa ikamalizika.

Siku ya pili nilirudi nikauona uso wote. Ajabu, uso nimeusahau.

Dada aliniambia picha kaihifadhi kwa watu fulani, bure. Sikuuliza ni watu gani. Wengi hatukuuliza. Marekani kulikuwa na GeoCities, iliyoanza mwaka 1994, nayo iligawa viwanja vya bure mtandaoni, kwa mitaa: wenye kuandika juu ya familia zao walikaa Heartland, na kila ukurasa ulikuwa na namba yake kama nyumba. Watu wakatundika harusi zao humo, na watoto, na paka (paka walikuwa wengi mno). Yahoo waliinunua mwaka 1999. Tarehe 26 Oktoba 2009 mitaa yote ikafungwa kule Marekani, na kama si watu wa kujitolea waliokuwa wakinakili usiku na mchana, visingesalia hata vile vilivyosalia.

Waliomhifadhia dada yangu nao walifunga. Nilipofungua tena nilikuta kisanduku cheupe chenye alama ndogo nyekundu ya mkasi.

Nimekaa na neno hilo, kuhifadhi, kwa muda mrefu. Chuoni, kwa maalim, kuhifadhi ni kuitia aya kifuani, uirudie mpaka ulimi uiseme wenyewe, hata msahafu ukiwa umefunikwa. Kisha zikaja kompyuta, nasi tukalichukua neno lilelile tukalipa maana ya kukiweka kitu mahali ili tusihangaike nacho tena. Sikuona kasoro yoyote wakati ule. Katika majina ya Mwenyezi Mungu limo Al-Hafidh, Mwenye kuhifadhi, na nilipokuwa mdogo nilidhani maana yake ana ghala kubwa mno. Sasa nadhani maana yake hasa ni kwamba anatazama, wala haondoi macho.

Mimi nilitazama kwa nusu saa tu, tena kwa kulazimishwa na laini mbovu.

Mpwa wangu alikuja Unguja mwaka jana. Bandarini watu walikuwa wengi, na picha yake ya karibuni sikuwa nayo. Nilimjua kwa nyusi.