Kusahihisha Haki

Kila mwaka idara zinazofundisha haki jinai katika vyuo vikuu vya Marekani hutakiwa kujibu swali moja: mwanafunzi aliyekaa nasi miaka minne amejifunza nini? Jibu huandikwa kwa majedwali na asilimia, hupelekwa kwa mkuu wa kitivo, kisha kwa watu wa ithibati, na wengi wetu tunaohusika tunaiona hiyo kuwa kazi ya ofisini tu, kama kuhesabu viti vya ukumbini. Mimi naona ni swali la maadili, tena gumu. Mhitimu wa historia aliyepita bila kuelewa atatuudhi kwenye mazungumzo. Mhitimu wetu atapewa bunduki, au funguo za mahabusu, au kalamu ya kumwandikia hakimu kwamba mtu fulani anastahili au hastahili dhamana.

Nieleze kwanza jinsi kazi yenyewe inavyofanyika. Idara huandika orodha ya matokeo ya ujifunzaji, na kila tokeo huanza na kitenzi: mhitimu ataweza kueleza, kulinganisha, kuchambua, kutathmini. Asili ya vitenzi hivi ni kitabu ambacho Benjamin Bloom na wenzake walikitoa mwaka 1956, walipopanga ngazi za kufikiri kutoka kukumbuka hadi kutathmini. Kitenzi "kuelewa" hakiruhusiwi siku hizi kwa sababu hakionekani kwa macho. "Kuwa mwadilifu" ndiyo kabisa. Mwisho wa mwaka huchukuliwa sampuli ya kazi za wanafunzi wa mwaka wa mwisho, majina yanafutwa, na kila kazi inasomwa na watu wawili, kila mmoja akiwa na mwongozo wenye ngazi nne. Alama zikipishana kwa zaidi ya moja, anaitwa msomaji wa tatu. Nikiwa mwanafunzi wa uzamili anayelipwa kwa saa, nimekuwa mmoja wa wasomaji hao kwa mihula miwili.

Sina ugomvi na kupima. Historia ya shahada hizi inaonyesha kwa nini kupima kulihitajika. Mwaka 1967 tume ya Rais Lyndon Johnson kuhusu uhalifu ilipendekeza kwamba siku moja kila askari mwenye mamlaka ya kukamata awe na shahada ya kwanza. Mwaka uliofuata sheria mpya ikatoa fedha za kuwasomesha askari, na fedha zilipotoka, programu zikaota kama uyoga. Vyuo vingi vilimchukua ofisa mstaafu, vikampa chaki, naye akafundisha alichokijua: namna ya kujaza fomu na namna ya kupekua gari. Mwaka 1978 ripoti iliyoandaliwa chini ya Lawrence Sherman ilisema wazi kwamba elimu ya namna hiyo ilikuwa inamfunza askari kuwa askari yule yule wa jana. Bila mtu kuuliza "wamejifunza nini?" hali hiyo ingeendelea. Kwa hiyo tupime.

Sasa nije kwenye karatasi mbili. Swali la mtihani wa mwisho lilikuwa hivi kwa ufupi: wewe ni askari mgeni kazini, mtu amelazwa kifudifudi, amefungwa pingu, ametulia, askari mkongwe uliyepangwa naye bado amemkandamiza. Chambua hali hii kwa mujibu wa sheria na maadili ya kazi.

Wa kwanza aliandika kurasa tano safi. Aliitaja Tennessee dhidi ya Garner ya 1985, akaeleza vizuri kipimo cha askari mwenye busara kilichowekwa na Mahakama Kuu katika Graham dhidi ya Connor ya 1989, akapambanua wajibu wa kuingilia kati, akahitimisha kwamba nguvu iliyotumika haikuwa halali tangu pale mtu alipoacha kupinga. Alama nne kwa nne. Wa pili aliandika ukurasa mmoja na nusu, tahajia imemshinda, kesi hakutaja hata moja. Lakini aliandika kwamba angemwambia mkongwe ainuke, angelisema kwa sauti ili kamera ya kifuani inase, asiposikia angemshika mkono amtoe, na angemgeuza yule mtu alale ubavu kwanza kabla ya mengine yote. Aliongeza kwamba anajua atachukiwa kituoni. Alama mbili.

Mwongozo ulifuatwa barabara. Msomaji mwenzangu, mhadhiri aliyefanya kazi ya kuwasimamia watu waliofungwa vifungo vya nje kabla hajahamia chuoni, alitoa alama zile zile nilizotoa mimi, na katika ripoti tumehesabiwa kama wasomaji wawili waliokubaliana. Tulipofunga kompyuta alisema, "Yule wa pili ndiye ningemwajiri." Hilo halikuwa na safu kwenye jedwali.

Aliyetunga swali lile hakuhitaji kubuni mengi. Tarehe 25 Mei 2020, mjini Minneapolis, George Floyd alikandamizwa shingoni kwa goti kwa dakika 9 na sekunde 29. Goti lilikuwa la Derek Chauvin, mwenye karibu miaka 19 kazini na shahada ya kwanza katika masuala ya upolisi. Aliyeshika miguu alikuwa Thomas Lane, siku yake ya nne kama askari kamili, naye alikuwa amesomea chuoni sosholojia ya sheria na uhalifu. Jimbo la Minnesota, ni vizuri kukumbuka, huwadai askari wake angalau miaka miwili ya masomo baada ya sekondari, jambo ambalo majimbo mengi hayafanyi. Hawa si watu waliokosa shule.

Na Lane alijua. Rekodi ya kamera yake inamsikiza akiuliza, mara mbili, kama wamgeuze Floyd alale ubavu. Chauvin alikataa. Lane akaendelea kushika miguu. Baadaye aliingia kwenye gari la wagonjwa akamkandamiza Floyd kifua kujaribu kuurudisha moyo uliokuwa umekwisha kusimama. Mwaka 2022 mahakama ya shirikisho ilimhukumu miaka miwili na nusu kwa kutompa msaada mtu aliyekuwa mikononi mwao.

Chukua mwongozo wetu umpime Lane kwa dakika zile. Kutambua hatari: ametambua. Kuhusisha nadharia na hali halisi: amehusisha, hata alitaja wasiwasi wa kitabibu. Kupendekeza hatua mbadala: amependekeza, tena mara mbili. Sioni pa kumnyima alama. Nimejaribu kutafuta safu ambayo angefeli na sijaipata, na hili ndilo linalonisumbua kuliko takwimu zote tulizopeleka kwa mkuu wa kitivo.

Waliolelewa Pwani watasema jambo hili lina jina. Chuoni, na hapa nina maana chuo cha Kurani, maana neno hilo lilikuwa la huko kabla vyuo vikuu havijaja kulichukua, ilimu haitajwi peke yake muda mrefu kabla hajatajwa mwenzake, amali. Mtoto anaweza kuhifadhi sura nzima asikose herufi, na bado mwalimu akamuuliza mama yake kama anaamkia wakubwa. Sisemi madrasa zimelimaliza tatizo. Nimewaona mahafidhi wenye mikono mirefu. Nasema tu kwamba huko swali la pili linaulizwa, kumbe sisi tumelifuta kwa kuwa kitenzi chake hakipimiki.

Kishawishi kinachofuata ni kusema: basi tuanze kupima mioyo. Wapo wanaotaka hivyo. Bloom mwenyewe alikuwa mmoja wa walioandika kitabu cha pili, mwaka 1964, kuhusu ngazi za hisia na tunu, kutoka kusikiliza tu hadi tunu kuwa tabia ya mtu. Ningepewa mwongozo wenye safu ya ujasiri na safu ya huruma, nisingeugusa. Sababu naipata ndani ya somo letu wenyewe. Tunawafundisha wanafunzi mwaka wa kwanza kwamba sheria haimwadhibu mtu kwa nia peke yake, lazima kuwe na kitendo. Kwamba mshtakiwa hasomwi uso. Nikimpa kijana wa miaka 21 alama moja ya huruma kwa kuwa sentensi zake ni kavu, nimefanya kile kile ninachomkataza. Tena najua ni nani wangeumia kwanza: wasiosema sana, wageni wa lugha, watoto wa polisi ambao tayari darasa linawatazama kwa jicho la pembeni. Na wajanja wangejifunza kuandika machozi.

Kwa hiyo tumebanwa katikati. Tunachoweza kukipima hakitoshi, na kinachotakiwa hatuna haki ya kukipima.

Neno lenyewe limenisaidia kidogo. Kiingereza kina neno moja la haki inayotolewa na mahakama na jingine la haki anayoidai mtu. Kiswahili kina moja tu kwa yote mawili. Ukisema "haki" mtu anaweza kukuuliza mara moja: ya nani? Hata tume iliyoundwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2023 kuangalia taasisi za Tanzania iliitwa ya haki jinai, na wananchi waliofika kutoa maoni hawakuja kuzungumzia mfumo. Nilipoirudia ile karatasi ya alama nne kwa sikio hilo, nikaona kwamba katika kurasa tano yule mtu aliyelala chini anatajwa mara mbili, na mara zote mbili ni "mhusika". Hilo halihitaji kusoma moyo. Liko kwenye karatasi. Linahesabika.

Kuna jingine linaloonekana bila kumpasua mtu kifua: darasa lenyewe linalipa nini. Lane alimuuliza mkubwa, mkubwa akakataa, naye akatii. Alijifunza wapi kwamba jibu la mkubwa linafunga mjadala? Kituoni, bila shaka, na nyumbani, na kanisani. Lakini pia kwa watu kama sisi. Katika mihula miwili nimesoma kazi nyingi ambazo mwanafunzi anakubaliana na mhadhiri kwa maneno ya mhadhiri, na zinapata nne. Zinazombishia hupata tatu, si kwa chuki, ila kwa sababu anayebisha hujikwaa zaidi. Njia yake haijapitwa. Mwongozo hauna nafasi ya kujua nani alijikwaa akienda wapi. Miaka minne ya alama za namna hiyo ni mafunzo pia, na hakuna tokeo linaloyataja. Nadhani tathmini ya programu ya haki jinai ingeanzia hapo: ichukue sampuli ya alama badala ya sampuli ya wanafunzi, iulize ni mara ngapi aliyetupinga alipita vizuri, na kama aliyefeli aliandikiwa sababu na kupewa nafasi ya kukata rufaa. Tunawafundisha kwamba hukumu bila sababu ni batili, kisha tunawarudishia namba.

Niliandika pendekezo dogo kwa kamati. Swali la mwisho libaki lile lile, ila liongezwe sehemu: andika maneno yenyewe utakayomwambia askari mkongwe, kisha andika utakalofanya akisema hapana. Kamati ililipenda. Mjumbe mmoja, kwa haki kabisa, aliuliza sehemu hiyo iwe na alama ngapi, na jibu la ngazi ya nne litakuwaje. Mwingine akasema isiwe na alama, isomwe tu na kujadiliwa darasani. Wa kwanza akamjibu kwamba kisicho na alama wanafunzi hawakisomi. Wote wawili wako sahihi, na kikao kimeahirishwa hadi muhula ujao.